Rangi ya kichwa cha treni cha dizeli cha modeli imegoma: dalili, chanzo na jinsi ya kurekebisha

Umetoboa vitundu vya milimita 0.35 kwa keekee ya mkono, umekunja vishikio vya waya kimoja kimoja, umeweka honi, wipa na mipira ya breki mbele na nyuma, wiki nzima imeishia hapo, halafu unapuliza rangi na ndani ya nusu saa unaona vishimo, au njano imegeuka ukijani, au kesho yake tepu ya kuzibia rangi inaondoka na rangi ya upande mzima. Inauma kweli. Karibu yote haya yameshanikuta na naona watu wanauliza yaleyale kila mara, ndo maana nimeyapanga kwa dalili, chanzo cha kawaida kwanza cha nadra mwisho, na pale pa kuacha ukaita fundi nimepataja palepale.

Kitu kimoja ukishike kabla hujashuka chini: tatizo la rangi linaonekana baadaye, lakini limezaliwa hatua moja au mbili nyuma. Tepu iking'oa rangi mara nyingi tepu haina kosa, kosa lilifanyika siku ya kuosha bodi (lile gamba la juu la modeli). Dekali (ile filamu nyembamba yenye namba au nembo, inayobandikwa kwa maji) ikitoa weupe pembeni, kosa ni la uso uliokuwa chini yake. Kwa hiyo ukiona kasoro usiulize "nimekosea nini sasa hivi", uliza "kabla ya hapa nilifanya nini".

Na tafadhali usifunike kasoro kwa rangi nyingine. Piga hesabu hii: kwenye skeli ya 1:87 (modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi), rangi yenye unene wa milimita 0.1 tu ni sawa na karibu milimita 9 kwenye treni yenyewe, yaani ni kama umeipaka plasta. Ribiti zinazama, grili za radieta zinaziba, bawaba za milango zinapotea, na hizo ndo zilikufanya ununue hiyo modeli.

Rangi inakimbia, inaacha vishimo vya duara kama macho ya samaki

Hii ni mafuta. Mara nyingi ni mafuta ya vidole vyako mwenyewe, maana wakati wa kubandika vitu vidogo unaishika bodi mara mia. Chanzo cha pili ni mafuta ya kiwandani, yale yanayopakwa kwenye umbo ili plastiki itoke kirahisi, na vipande vya rezini vinakuwa nayo zaidi kuliko plastiki. Cha tatu ni silikoni: dawa ya kung'arishia vitu iliyopulizwa chumba hichohicho, au krimu ya mikono. Cha mwisho, na hiki watu wengi hawakifikirii, ni maji au mafuta yanayotoka kwenye kompresa kupitia mpira wa upepo.

Cheki rahisi: puliza upepo mtupu wa eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi) kwenye kioo kisafi kwa nusu dakika. Ukiona vitone, kosa ni la kompresa, funga chujio la maji au mwaga lile lililojaa. Kioo kikibaki kikavu basi tatizo ni bodi.

Kurekebisha: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, suuza sana, acha ikauke yenyewe. Maji yasiwe ya moto, plastiki nyembamba inapinda na haitarudi. Baada ya hapo bodi haishikwi kwa vidole, tengeneza mshikio wa kijiti kwa ndani au vaa glavu. Mimi nilikuwa na bodi ya rangi ya chungwa ambayo juu ya mlango wa dereva palikuwa na doa moja dogo rangi inakataa, nimepuliza mara tatu inakataa, nikaja kuinamisha kwenye taa kabla ya mara ya nne na nikaona kabisa mistari ya kidole gumba changu, imekaa chini ya praima (rangi ya msingi). Nilitoa rangi yote nikaanza upya.

Kutoa rangi yenyewe: alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 na kuendelea, kwenye chombo chenye mfuniko, masaa kadhaa, halafu mswaki. Jaribu kwanza sehemu ya ndani ya bodi isiyoonekana, maana plastiki hazifanani. Thina ya magari na asetoni usisogeze hata karibu, zinayeyusha plastiki ya modeli mbele ya macho yako. Na alkoholi inawaka moto haraka, kwa hiyo hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna hita karibu. Kama modeli ni ya zamani sana na hujui rangi yake ina nini, usiisugue kwa msasa mkavu. Rangi za zamani na vile vipande vizito vya chuma laini vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Sugua kwa maji, nawa mikono, na watoto wakae mbali.

Uso una chengachenga kama unga, au umekaa kama ganda la chungwa

Ukipapasa na kucha ukasikia unga, rangi ilikauka hewani kabla haijafika kwenye bodi. Umepuliza ukiwa mbali, au presha ni kubwa, au chumba kina joto. Sogea mpaka sentimita 8 hadi 10, shusha presha kwenye psi 15 hadi 20, tone la dawa ya kuchelewesha kukauka linasaidia sana kwenye akriliki.

Kama si unga ila ni mawimbi ya ganda la chungwa, basi rangi ni nzito. Inatakiwa iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa, ikiganda kama uji ongeza thina. Kurekebisha kote kuwili ni kule kule: acha ikauke kabisa, piga msasa namba 2000 au zaidi kwa maji, mkono mwepesi sana, ukikaribia ribiti acha, halafu koti jembamba.

Rangi inachuruzika

Umekaa sehemu moja, au umeanza kupuliza ukiwa juu ya bodi badala ya pembeni. Anza kubonyeza triga kabla hujafika kwenye bodi na uachie ukishapita. Likishatokea chozi usiliguse. Ukiligusa likiwa bichi utang'oa na lililokuwa zuri. Siku mbili, halafu msasa.

Njano ina ukijani, nyekundu inaonekana chafu

Dizeli nyingi zina njano au nyekundu au chungwa mbele ili zionekane kwa mbali, na hizo ndo rangi dhaifu zaidi kufunika. Bodi ikiwa nyeusi au bluu kwa chini, njano itaenda kwenye ukijani hata upulize makoti kumi. Hapa rangi yako haina shida, shida ni iliyo chini yake. Weka praima ya kijivu chepesi, halafu nyeupe, ndo njano. Nyekundu ukiiwekea pinki chini inakuwa hai zaidi kuliko ukiiweka juu ya nyeupe tupu.

Na hili ni la ladha yangu lakini nalisimamia: nyeusi tupu kwenye modeli inakula kila kitu. Bogi (fremu ya chini inayobeba magurudumu) na tangi la mafuta ukizipaka nyeusi ya kwenye chupa hutaona springi wala boksi za ekseli, utaona tu shimo jeusi. Changanya kijivu kidogo.

Rangi inabanduka kwenye vishikio na vyuma vya pembeni

Hii ndo inayoulizwa kuliko zote, na ina majibu tofauti kulingana na kitu chenyewe kimetengenezwa na nini, kwa hiyo anza na kujua hicho.

Vile vyuma virefu vya pembeni ambavyo wafanyakazi wanashikilia wakitembea kwenye ubao wa pembeni, kwenye modeli nyingi za kiwandani vimetengenezwa kwa plastiki laini ya kuteleza. Utaijua: ukiikunja inarudi, ukiikuna na ncha ya kisu inatoka kama nta badala ya unga, na supa gluu haishiki, kipande kinachomoka kikavu kabisa na gluu imebaki upande mmoja. Plastiki hiyo imetengenezwa makusudi isishikane na kitu. Rangi inakaa juu yake kama ngozi, ukikunja kidogo tu wakati wa kurudisha kwenye vitundu, inapasuka kwenye kona na kubanduka kama ganda.

Anza na rahisi: osha kwa sabuni, futa kwa alkoholi, kwaruza kidogo na sponji ya msasa laini. Halafu praima ya kushikisha plastiki, ile ile mafundi wa magari wanatumia kwenye bampa, koti moja jembamba sana. Juu yake akriliki, maana akriliki ikikauka inabaki na unyumbufu kidogo, rangi za mafuta zinakuwa ngumu na kupasuka. Na la muhimu kuliko yote, vipachike kwenye bodi kwanza ndo upake, ili usije ukavikunja baada ya rangi. Kama rangi yake ni tofauti na ya bodi basi paka kwa brashi vikiwa vimeshakaa.

Jaribu kwanza kwenye ule mti wa plastiki vilikotoka, subiri siku moja, kwaruza kwa kucha. Ikitoka pale itatoka na kwenye treni.

Suluhisho la kudumu ni kubadilisha, weka waya wa brasi. Waya wa milimita 0.3 kwenye 1:87 unakuwa sawa na bomba la milimita 26 kwenye treni halisi, hapo unaonekana sawasawa kwa macho, wakati ile plastiki mara nyingi ni nene mara mbili ya inavyotakiwa. Ni kazi lakini ukishafanya upande mmoja ukaulinganisha na mwingine huwezi kurudi nyuma.

Rangi ikibanduka kwenye waya wa brasi wenyewe, chanzo cha kwanza ni mafuta ya vidole tena, cha pili ni uso unaong'aa sana. Pitisha msasa laini urefu wote wa waya kabla ya kuukunja, futa, weka praima ya chuma. Zile praima zenye asidi zinashika vizuri mno lakini mvuke wake ni mkali, hizo ni za nje au penye feni ya kutoa hewa, na maski ya katriji za kemikali. Maski ya vumbi ya karatasi haizuii mvuke hata kidogo, inakupa tu moyo wa kukaa pale muda mrefu zaidi. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, acha hapohapo toka nje kwenye hewa, na isipoisha haraka nenda hospitali ukiwa na chupa ya rangi mkononi wasome kilichomo.

Ukungu mweupe kuzunguka sehemu ulizobandika

Ni mvuke wa supa gluu. Inatokea sana kwenye vioo vya chumba cha dereva. Gluu ilikuwa nyingi na hewa haikupita. Kabla ya rangi haina shida, unafuta. Juu ya kioo, jaribu tone la mafuta mepesi kwenye kijiti cha pamba. Siku nyingine vioo viwe vya mwisho kabisa, baada ya vanishi, na utumie gluu nyeupe ya maji inayokauka ikawa wazi. Gluu ikiruka jichoni usijaribu kuibandua, osha kwa maji mengi na uende kwa daktari.

Plastiki imetoka vinyufa kama utando wa buibui, au rangi imekunjamana

Vinyufa: thina ilikuwa kali ikala plastiki. Ukishaona hivyo bodi hiyo hairudi kama zamani, unaweza kujaza na kupiga msasa sehemu za tambarare lakini kwenye ribiti na grili ndo basi.

Kukunjamana ni tofauti, ni rangi kali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka ndani. Rangi ya mafuta inakudanganya, juu kavu, ndani bichi kwa siku kadhaa. Isogeze karibu kabisa na pua uinuse. Kama bado inanuka, haijaiva, subiri, hata kama ukiigusa hainati.

Mstari wa rangi mbili umevuja, au tepu imeondoka na rangi

Hapa ndo roho inaruka, maana kile kitendo cha kuvuta tepu unakifanya mwisho, baada ya kazi yote.

Kuvuja kwanza. Chanzo namba moja: tepu haikubanwa kwenye mabonde. Ubavu wa dizeli si ukuta, una milango kibao, bawaba, vipini, matundu ya hewa, na kila tepu inapopanda juu ya bawaba inaacha kijidaraja pembeni yake. Chukua kijiti cha meno ukilainishe ncha, ubonyeze tepu bawaba moja baada ya nyingine chini ya taa, mpaka uone tepu imebadilika rangi imekuwa nzito pale iliposhika. Chanzo cha pili: ulipuliza ukielekea kwenye ukingo wa tepu, ukaisukuma rangi iingie chini. Puliza kutokea upande wa tepu kwenda nje. Cha tatu: koti la kwanza lilikuwa na maji mengi.

Kuna mbinu moja ambayo ningeshauri kila mtu aifanye hata kama anaamini tepu yake. Ukishabandika, puliza kwanza ile rangi ya chini ileile kwenye ukingo wa tepu, au vanishi ya wazi. Kama pana upenyo, kitakachoingia ni rangi isiyoonekana, kinaziba, halafu ndo unaweka rangi ya pili. Tangu nianze hivyo sijapata mstari wa kunikera kwenye dizeli yenye mabawaba mengi.

Ikishavuja: akriliki ikiwa na masaa machache, kijiti cha meno kilicholowa kidogo tu kwenye thina yake, unasugua taratibu inatoka. Ikishakauka kabisa tumia ncha ya kisu kikali, kama unafuta kosa kwenye karatasi, usikate, halafu gusia kwa brashi ndogo.

Tepu kung'oa rangi: cheki ilipong'oka. Ikiwa chini imebaki plastiki tupu, bodi haikuoshwa vizuri au hukuweka praima. Ikiwa praima imebaki na rangi ndo imetoka, ulifanya haraka, rangi haikuwa imeshika. Kama kote kuwili hakukuwa na kosa, basi tepu ilikuwa kali, ibandike kwanza kwenye kioo mara mbili ipunguze nguvu. Na namna ya kuvuta ni muhimu: ikunje irudi juu yake yenyewe uivute taratibu ukiilaza, usiivute kwenda juu, na usiiache ikalala siku mbili tatu. Pakibaki kaukingo kwenye mstari, msasa 3000 wa maji mara mbili tatu kunatosha.

Eabrashi inatema mate, au kikombe kinatoa mapovu

Mate: rangi imekauka kwenye ncha ya sindano (ifute na kijiti cha pamba chenye thina kila baada ya dakika chache, huo ni utaratibu wa kila siku wala si ubovu), au rangi haikuchanganywa, au sindano imepinda ncha. Ichomoe uizungushe juu ya kioo, ncha ikicheza imepinda. Mapovu kwenye kikombe: nozeli haijakaza, au ina ufa. Kaza kwa vidole kwanza, nozeli ya milimita 0.3 ni laini mno ukitumia koleo unaipasua.

Kompresa nayo: tangi lenye kutu, linalovuja kwenye maungio, au vali ya usalama inayopiga kelele, zima, toa upepo, usilifungue wala kulichomelea. Usizibe vali ile kwa namna yoyote. Hiyo ni kazi ya fundi wa kompresa, tangi la upepo likipasuka linaua.

Na kwa wanaopuliza rangi za mafuta au makopo ya spree kwenye kisanduku chenye feni, hakikisha mota ya feni haipitiwi na ule mvuke, maana cheche moja inatosha. Kopo likiwa baridi liweke kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye moto.

Dekali zinatoa weupe pembeni, namba inaonekana kama stika

Kwenye treni halisi namba inaonekana kama imepakwa. Kwa hiyo ukingo wa filamu ukionekana tu, jicho linajua ni toi, hata kama kazi nyingine yote ni safi.

Ule weupe ni hewa. Rangi ya mati (isiyong'aa) ukiiangalia kwa karibu ni kama mchanga, dekali inakaa juu ya vilele na hewa inabaki chini. Ndo maana unaweka vanishi ya glosi (inayong'aa) kwanza, inajaza mabonde, dekali inalala. Ukiwa hukufanya hivyo na dekali zimeshakaa, bado una nafasi: toboa ile sehemu nyeupe kwa ncha ya sindano, vitundu vidogo vingi, weka dawa ya kulainisha dekali, iache inyonywe, rudia kesho. Mara ya pili ya tatu weupe unaondoka. Nimeona namba kwenye ubavu wa chumba cha dereva ikibadilika mbele yangu, ilikuwa na kijivujivu ndani ya duara la 8, dawa ikaingia kwenye vitundu, duara likatulia likashika rangi ya bodi.

Dekali ikijikunja ukishaweka dawa, usiiguse. Inakuwa laini kama utando wa maziwa, ukiigusa inachanika, ukiiacha inajilaza yenyewe. Ikipita juu ya mpasuo wa mlango, ikate kwenye mpasuo kwa kisu kipya ndo uweke dawa tena.

Ikivunjika vipandevipande ndani ya maji, ni ya zamani. Zilizobaki zipulizie vanishi ya wazi zikiwa bado kwenye karatasi, zikikauka kata karibu na mchoro. Ulizochapisha kwa printa ya wino ni lazima zipate vanishi kabla ya maji, la sivyo wino unaondoka wote.

Vanishi ya mwisho imeleta ukungu

Unyevu hewani, kwa kawaida. Siku ya mvua usipulize vanishi ya kopo. Chanzo kingine ni kutotikisa, unga wa mati umekaa chini ukatoka wote kwa pamoja. Jaribu koti jembamba la glosi siku kavu, mara nyingi ukungu unapotea palepale, halafu rudi na mati iliyotikiswa vizuri. Kama umeizeesha modeli (umeipa sura ya uchakavu) kwa alkoholi na wino juu ya vanishi ya mati na pakawa peupe, nako koti jingine la vanishi linarudisha. Unga wa vumbi na kutu ukishaupulizia vanishi unafifia sana, kwa hiyo uweke zaidi ya unavyotaka.

Taa inapenya kwenye bodi

Pua nzima inang'aa kama taa ya karatasi. Paka ndani nyeusi makoti mawili, halafu fedha au nyeupe juu yake, au zungushia LED kibomba cheusi. LED ikiwaka mara moja ikazimika milele ulisahau rezista (kipande cha kupunguza umeme). Kwenye volti 12 watu wengi wanaanza na ohmu 1000, na inatosha.

Kilikuwa kinatembea, umerudisha bodi hakitembei

Usianze kufungua mota. Toa bodi, weka chesi tupu (sehemu ya chini yenye mota na magurudumu) kwenye reli. Ikitembea bila bodi, tatizo ni bodi, na mara nyingi ni moja kati ya haya: waya umebanwa, au ncha za vile vishikio vyako vya brasi zimetokeza kwa ndani zinagusa bodi ya saketi. Hili la pili linawapata wale waliofanya kazi nzuri, maana umebadilisha plastiki zote ukaweka chuma, na kila kishikio kina miguu miwili ndani. Geuza bodi, angalia kwa tochi, kata zilizotokeza ziwe sawa na ukuta, weka tone la rangi au tepu ya umeme juu yake.

Isipotembea hata bila bodi: rangi imeingia kwenye magurudumu. Kijiti cha pamba na alkoholi, uso wa gurudumu na mgongo wake pale vile vijibati vya kuchukulia umeme vinagusa. Halafu zungusha kila ekseli kwa kidole, ikiwa nzito kuna rangi kwenye gia za bogi. Kikitembea vizuri kwenye nyoofu kikatoka njia kwenye kona, ni mipira ya breki inayogusa reli au bomba ulilobandika linakwama kwenye bogi, sukuma bogi kwa mkono mpaka mwisho kila upande utaona linapogusia.

Kama kina dekoda (saketi ndogo inayopokea amri za kidijitali kupitia reli) na kinapiga shoti, zima mara moja, usijaribu "tena mara moja nione". Pima na mita kati ya vituo vya mota na chesi, pasiwe na mguso wowote, mota lazima itengwe kabisa na chesi ya chuma. Ukishahakikisha, jaribu kwenye reli ya kuprogramia (kipande cha reli cha kuwekea dekoda mipangilio) ambayo inatoa umeme mdogo, dekoda itapona kama bado pana kosa. Ikitoa harufu ya kuungua au plastiki yake imevimba imeshakufa, na kama hujazoea kupiga solda kwenye nyaya nyembamba kama nywele mpelekee fundi wa elektroniki, kichwa kizima na karatasi yake ya maelezo.

Kisanduku cha umeme cha ukutani kikipata joto lisiloshikika, kikinguruma, au waya wake umechubuka, chomoa kwenye soketi ukiache. Usikifungue hata kikiwa kimechomolewa. Humo ndani ni umeme wa nyumba, huyo ni wa fundi umeme au ni wa kubadilishwa.